Saa ya Zebedayo Isiyokosea Tarehe

Jumapili, 24 Februari 1952. Kijijini Mpemba.
Nimeipata! Saa ya mkono ya Uswisi, ya dhahabu, inataja siku, tarehe na mwezi. Mzungu wa shamba la kahawa Mbozi gari lake limemfia barabarani, akanipa saa, nikampa baiskeli. Anasema yenyewe inajua mwezi mrefu na mfupi, nisiguse vifungo vya ubavuni. Saa yangu ya nne hii. Tatu za mwanzo hazitembei, ila ni za Uswisi. Dada Tumpe kauliza kama nakusanya saa au makaburi. Wivu tu.

Jumatano, 27 Februari.
Jumamosi, tarehe mosi Machi, napeleka fahali wa posa kwa kina Felista. Baba yake, Mzee Mbonile, ameonya: siku ni hiyo hiyo, nikiikosea atampokea Isaka. Isaka! Fundi cherehani, hana hata saa ya ukutani.

Alhamisi, 28 Februari.
Isaka kaja kuitazama saa. Anasema Februari inaishia leo, kila aliyepita darasani anajua, kesho ni mosi. Kaniaga kwa upole usio wake. Nimemwogesha fahali.

Jumamosi, 1 Machi.
Nimeamka, saa inasema Ijumaa, tarehe 29. Ya Februari! Mbovu. Nimebonyeza kifungo, ikaja mosi. Siku ikabaki Ijumaa, na mosi tuliahidiana Jumamosi. Nikabonyeza cha pili. Vyote vikapatana.

Mjomba Hezron, mshenga wangu, alikataa kutoka. Eti siku ni kesho. Mtu asiye na saa! Nikaondoka peke yangu na fahali.

Kwenye kona ya shamba, uso kwa uso na mama yake Felista, kabeba kuni, nguo za kulimia. Mama mkwe! Kwetu hata kivuli chake unakikwepa. Kuni chini, yeye mbio kwenye mibuni, mayowe. Mzee Mbonile akaja na jembe, akauliza nani kanituma leo. Nikamwonyesha saa. Akasema mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa, na leo ndiyo hiyo ya ishirini na tisa. Nikasema hata saa ilisema hivyo, ila nimeikanya. Akanitazama sana.

Fahali kabaki kwake, faini ya kumfuta mama mkwe aibu. Kesho nije na mwingine. Sina mwingine. Nampenda Felista, moyo unauma.

Jumapili, 2 Machi.
Nimevaa koti, nimekwenda kanisani. Mlango umefungwa, hakuna hata mzee wa kanisa. Imani imepoa Mpemba. Kurudi, nakutana na Isaka na wazee wake, wanaimba, wanaswaga fahali kwenda kwa Mbonile. Nikamwambia kachelewa siku nzima. Akacheka mpaka akakaa chini. Jioni vigelegele vimevuka kilima. Posa ya Isaka imepokelewa. Nimelia kidogo. Halafu sielewi: mtu aliyechelewa amewahije?

Jumatatu, 3 Machi.
Nimeshika jembe asubuhi, nisahau. Watu wanapita na nguo nyeupe na vitabu vya nyimbo, wananikodolea macho. Sijui Jumatatu hii wana sherehe gani. Mchungaji kasimama juu ya tuta, akaniuliza kama siogopi kulima siku ya Bwana. Nikamnyooshea mkono, aisome saa mwenyewe. Nikamwambia hii haiwezi kukosea, nimeirekebisha kwa mkono wangu.