Pampu Inahamia Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji anataka kuuza boti. Kasema leo sebuleni kwangu, kikombe changu mkononi mwake, kwa sauti ya mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Boti ni yetu wawili, nusu kwa nusu. Tuliinunua mimi nilipostaafu kufundisha fizikia na yeye alipostaafu posta. Kila Jumamosi tunavua. Bila boti, Jumamosi yangu ni kumfuata mke wangu sokoni na kubeba vikapu.

Nikamwuliza kwa nini. Akajibu basi tu, shemeji, umri. Huku anasugua goti na kutazama pembeni. Mtu mwenye siri hatazami mbele.

Mnunuzi amekwisha patikana: daktari wa meno. Anakuja Jumamosi kuijaribu.

Nikasema sawa, kwa upole mkubwa. Mke wangu, ambaye ni dada yake, alingoja kaka yake aondoke, akaniambia upole huo anaujua. Mara ya mwisho uliishia kwenye paa, na paa bado linavuja.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Siwezi kumzuia shemeji kuuza nusu yake. Lakini boti isiyopendeza haiuziki. Nitahamisha pampu.

Naeleza, maana jambo likielezwa vizuri hata mwenyewe unalielewa. Pampu yetu ni ya kuoshea boti. Betri inaiendesha. Inanyonya maji ya bahari kwa mpira mmoja ulioning'inizwa ubavuni na kuyatema kwa nguvu kupitia mpira wa pili, nasi tunasafisha magamba na damu ya samaki. Imefungwa nyuma kabisa, kwa bolti nne zilizopenya ukuta wa boti, karibu na miguu ya shemeji, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika injini. Chini yake kuna vipande vya raba vya kumeza mtikisiko.

Sasa ichukue pampu hiyo, ifunge mbele chini ya benchi, na raba uzisahau. Benchi zima litanguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Na mgeni hukaa wapi? Kwenye benchi la mbele. Nani atanunua boti inayomtetemesha makalio?

Nimelala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Siku ngumu. Bolti tatu zilitoka kwa heshima. Ya nne ilikuwa imeoza kwa kutu, ikanishikilia tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nikapima kipande cha plaiwudi cha kuishikia pampu, nikapima tena, nikatoboa, nikakaza bolti kujaribu. Safi sana. Nilipokiinua, meza ya jikoni ikainuka nacho. Mke wangu hajaiona bado. Nimeweka kitambaa.

Alasiri nikawa kichwa chini, chini ya benchi, miguu juu, shemeji akatokea. Akauliza ninafanya nini humo kama panya. Nikasema ninaitengeneza boti impendeze mgeni wake. Akasema hakutegemea moyo wa namna hiyo kutoka kwangu, akachuchumaa kwa shida, akanishikia tochi mpaka mwisho. Niliona aibu. Ikapita.

Nyuma yamebaki matundu manne ya bolti. Ukichungulia unaona bandari. Shemeji akauliza kama hayazibwi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba yako upana wa kiganja juu ya maji, nimepima mwenyewe, boti ikiwa imetulia. Maji hayapandi mlima. Akasema haya, mwalimu ni wewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeijaribu gatini. Nimekaa benchini, nikabonyeza swichi. Meno yaligongana. Miwani ikatembea mpaka ncha ya pua. Mvuvi wa boti ya pili alipiga kelele kuuliza kama nimenunua trekta.

Ushindi. Maskini daktari.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nguo zikiwa bado mbichi, lakini naandika. Nikikumbuka, hilo peke yake ni la kushukuru.

Daktari wa meno alifika na kofia mpya. Mtu mpole, mgongo umepinda. Nikamkaribisha kwenye benchi la mbele kama mkwe. Tulipotoka bandarini, nikasema ngoja nimwonyeshe pampu, nikaiwasha. Benchi likanguruma. Nikamtazama nikisubiri asimame.

Akafumba macho. Baada ya muda akasema ahsante. Akasema kutwa nzima yeye huinama juu ya midomo ya watu, mgongo umekuwa jiwe, na hajawahi kukalia kitu kilichomfikia pale pale panapouma. Ngurumo haimsumbui, maana kazini anashinda na mashine yake. Akaomba tusiizime. Akasema boti anaichukua, hata leo.

Nilikwisha. Sikutaka aone uso wangu, nikahamia nyuma nikakaa karibu na shemeji. Shemeji ni mtu mzito. Mimi nami si mwepesi.

Naeleza kilichofuata. Chombo huzama majini mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na wake. Ukiongeza uzito nyuma, nyuma hushuka. Hili nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Niliyapima matundu yale boti ikiwa tupu, haina shemeji, haina mimi.

Kwanza niliona baridi kwenye vidole. Kisha soksi. Kisha ndoo ya chambo ikaelea na kupita mbele yetu.

Daktari akaja nyuma kutazama, na kwa kuja kwake nyuma ikashuka zaidi. Akainama juu ya ukuta kama anavyoinama kazini. Akasema ni matundu manne, yametobolewa kwa ustadi, ila angependa kujua nani kayaacha wazi. Nilianza kueleza habari ya kiganja. Shemeji alishapachika vidole gumba vya miguu kwenye matundu mawili, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto anayeoga. Daktari akaziba mengine kwa vidole vya mkono. Shemeji akaniambia, mwalimu, somo limekwisha, kengele imelia, lete huo mpira.

Nikauvuta mpira wa kunyonyea kutoka baharini, nikampa, akautupa ndani ya ngama, yaani kule chini maji yanakojikusanya. Pampu, iliyokuwa bado inanguruma mbele, ikaanza kunyonya maji ya ndani. Mpira wa pili ulikuwa tayari unatema nje. Inavuta ndani, inatoa nje. Maji yakaanza kushuka. Niliendesha injini kurudi, wao wawili wamekaa na vidole vyao ukutani. Tulipogusa gati, nilifunga kamba mara tatu ndipo nikazima pampu.

Daktari aliikamua kofia yake, akasema kwenye kazi yake ukitoboa, unaziba kabla mgonjwa hajashuka kitini. Boti haitaki. Akauliza kwa adabu kama benchi na pampu vinauzwa peke yake.

Shemeji akasema hapana. Pampu imetuokoa, haiuzwi. Na boti pia haiuzwi.

Daktari alipoondoka ndipo aliposema. Kumbe ni goti. Pampu ilikaa pale pale ambapo mguu wake ungenyooka, kila Jumamosi anavua akiwa amejikunja, kila Jumapili hawezi kushuka kitandani. Aliona haya kulalamika kwa ajili ya goti, akaona heri tuuze. Leo mguu umenyooka safari nzima, hata kama kidole kilikuwa tunduni, na hauumi hata kidogo.

Nikamwambia niliihamisha kwa sababu hiyo hiyo. Akanishika mkono kwa muda mrefu. Ee, raha iliyoje. Boti ipo, shemeji yupo, mimi nipo.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kauliza kwa nini sikumwuliza kaka yake vizuri tangu Jumatatu. Nikasema nilimwuliza. Akasema kuuliza ni pamoja na kusikiliza. Kisha akaondoa kitambaa mezani. Tuliishia hapo.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema. Matundu manne nimeyaziba, kazi nzuri, hata daktari angesifu. Nikakaa botini peke yangu, nafsi imetulia, nikawaza.

Kusema kweli, pampu iko mbali mno na betri. Waya mrefu hupoteza nguvu, hilo ni jambo la kisayansi. Na kwa kuwa sasa hakuna anayeuza chochote, haina sababu ya kukaa mbele. Mahali pake ni nyuma. Nimeirudisha. Shemeji ataikuta Jumamosi, nataka kumshangaza. Alisema neno kuhusu goti, lakini goti huzoea.

Sikuweza kutumia matundu ya zamani, nimeyaziba vizuri mno, nikatoboa mengine manne chini yake kidogo. Bolti mbili zimekosa urefu, kwa hiyo mawili yako wazi kwa sasa. Hayana neno. Yako juu ya maji. Nimepima mwenyewe, boti ikiwa imetulia.