Kiini Kisichokubali Kukatizwa

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, na spika za kanisa zikanisaidia kuwafikishia habari watu wote wa mji wetu wa Baraka. Nawaandikia mapema humu kwenye kundi letu, kabla hamjasikia kwa wengine. Wengine wanaongeza chumvi.

Mnajua kwamba kompyuta ya kanisa naitunza mimi. Mnajua pia kwamba sikuiwekea mfumo endeshi ule ambao kila mtu anao. Niliiwekea mfumo mdogo wa wapenda sauti, unaotumiwa na watu wachache sana duniani (hapa Baraka ni mmoja, na ndiye anayewaandikia). Mfumo huo huja na viini vitatu, nawe unachagua kimoja. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua programu ipi ihudumiwe kwanza na ipi ingoje, kama muuguzi aliyesimama mlangoni kwa daktari. Cha kwanza ni cha kawaida, kila mmoja na zamu yake. Cha pili huipendelea sauti kidogo. Cha tatu huiruhusu sauti kupita mbele ya wote, na hakuna wa kuikatiza.

Nilivilinganisha kwa wiki tatu, kwa daftari na rula. Kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa mfumo huo walinishauri nichukue cha pili. Mmoja aliandika kwamba cha tatu ni cha wale wanaojua wanachokifanya. Nikaona ananizungumzia mimi.

Nafasi ya kukitumia ilikuja na Maombi. Maombi ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu, na leo kabla ya saa sita alikuwa anahamia Lulimba, ambako mume wake anachimba dhahabu. Mama yake, Mama Maombi, ndiye rais wa kwaya. Jumatatu alikuja kwangu akasema, "Papa Byaombe, mutoto anaenda. Mi nataka sauti yake ibakie hapa. Wimbo moja tu."

Nikamwambia ahesabu kwamba ameshaupata. Nikaanza kumweleza viini vitatu. Alisikiliza hadi cha pili, kisha akakumbuka kwamba ameacha muhogo juani.

Leo saa tatu asubuhi kwaya ilikuwa tayari kanisani. Motard wa kumpeleka Maombi alikuwa ameegesha pikipiki mlangoni, mizigo imefungwa nyuma, godoro juu yake. Niliwasha kompyuta kwa kiini cha tatu. Programu ya kurekodi niliipa kipaumbele cha juu kabisa, juu ya kibodi, juu ya kipanya, juu ya kila kitu ambacho kingeweza kuiambia inyamaze. (Katika daftari, mstari huo niliuwekea alama mbili za kuupongeza.)

Wakaimba. Siwezi kuandika jinsi walivyoimba. Maombi alipofika ubeti wa mwisho, motard, aliyekuwa anajaribu injini, aliizima bila kuombwa.

Hapo ilibaki kubonyeza kitufe kimoja cha kuhifadhi. Mimi nikachukua mikro kwanza. Nilitaka wanakwaya waelewe kazi iliyofanyika. Nikawaambia kwamba vipimo vyote nilivipima mara tatu, kwa sababu mimi sikosei.

Kompyuta ikaganda.

Kioo kiliganda, kipanya kikaganda. Sauti haikuganda. Mashine ikinaswa hivyo hurudiarudia kipande cha mwisho kilichobaki katika akiba yake ya sauti, na akiba hiyo nilikuwa nimeifanya kubwa, kwa tahadhari. Yalienea maneno mawili kamili.

"Mimi sikosei. Mimi sikosei. Mimi sikosei."

Spika ziko juu ya paa na zinatazama soko. Wakati wa mazoezi huwa tunazizima, lakini leo nilitaka soko lisikie.

"Zima, Papa Byaombe," akasema Mama Maombi.

"Nikizima, wimbo inapotea. Iko mu memwari tu, sijaihifadhi."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tungoje. Itaachia yenyewe."

Dakika ya tatu nilikuwa nimebonyeza vitufe vyote ninavyovijua. Dakika ya tano nikabonyeza nisivyovijua. Wanakwaya walikuwa wameinamisha vichwa, nikadhani wanaomba. Mabega yao yaliyokuwa yakitikisika yakanionyesha vingine.

Dakika ya saba mchungaji alitokea nyumbani kwake nyuma ya kanisa, taulo shingoni, povu la sabuni sikioni.

"Papa Byaombe," akasema, "Mungu naye anasikia." Akarudi kuoga.

Dakika ya tisa akaingia mke wangu kutoka sokoni, beseni la ndagala, dagaa wa kwetu, kichwani. Sokoni walikuwa wamekwisha kuamua kwamba tumegombana, na kwamba hayo ndiyo majibu yangu.

"Kama tuko na maneno," akaniambia, "si ungeningojea ku nyumba?"

"Mama, hii ni machine."

"Machine iko na sauti yako?"

"Ni kiini cha tatu. Kinaipatia sauti njia ya..."

"Bamama ba ndagala bananiuliza ni nini ulikosa. Nibajibu nini?"

"Mimi sikosei," likajibu paa.

Nilipokuwa namfafanulia mke wangu tofauti ya kiini cha pili na cha tatu, Mama Maombi alipita nyuma yangu. Akaushika waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye spika. Akauvuta.

Kimya. Kutoka sokoni tukasikia watu wakipiga makofi.

"Hii nayo ilikuwa inakatazwa?" akaniuliza.

Haikukatazwa. Katika kurasa kumi na nne za daftari langu haimo kabisa.

Kompyuta yenyewe iliendelea kukaa kama jiwe. Nilingoja mpaka saa tano na nusu. Motard alichungulia mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaingia ndani. "Papa, njia ya Lulimba haiko na huruma. Mvua ikitukuta kule, tunalala mu matope."

Nikakishika kitufe cha kuzimia mpaka mwanga ukaisha. Nilipoiwasha tena, faili la wimbo lilikuwepo. Lilikuwa na jina zuri na tarehe sahihi. Ndani halikuwa na kitu.

Nilimwambia Mama Maombi mwenyewe. Hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi, akatazama mikono yake. Kicheko ningekivumilia; yeye akajifuta machozi.

Maombi alikuwa ameshapanda pikipiki. Alishuka. "Mama, usilie. Leta telefone yako." Ilikuwa simu ndogo, kioo kimepasuka. Akamkabidhi motard. "Shika hapa. Usiongee."

"Sitaongea," akasema motard. "Mi si Papa Byaombe."

Waliimba hapo nje, penye ukuta wa kanisa, mara moja tu. Kuna kuku mmoja anayesikika katikati, na hakuharibu kitu. Kisha Maombi alimkumbatia mama yake, akapanda, na vumbi likawafunika yeye na godoro lake.

Mama Maombi alibaki amesimama barabarani, simu sikioni, akimsikiliza mtoto wake. Nilingoja amalize. Nikamsogelea kwa heshima zote.

"Mama, nipatie hiyo telefone kidogo. Niweke copie mu machine, wimbo isipotee."

Aliitia simu kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaifunga fundo, akaifunga la pili.

"Hapana, papa," akasema. "Hii inakaa na mi."

Mashine nimeirudishia kiini cha kawaida. Mnaotaka kucheka, nawaomba mcheke kwa maandishi tu, msinitumie ujumbe wa sauti: mke wangu amekaa hapa karibu, na kwa leo sauti zimemtosha.