Mwasho wa Meya

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepata kazi! Yaani, karibu nipate. Daktari wa mifugo amesema Meya, mbwa wa mama mwenye nyumba, ana mzio wa chakula. Ndiyo maana anajikuna hadi mbele za wageni. Ale sungura na viazi vitamu tu, vya kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Kuku na maziwa ni marufuku. Nitampikia mimi, jikoni kwetu. Mwasho ukiisha, daktari ataniajiri niwapikie wagonjwa wake wote. Usipoisha, naenda dukani kwa mjomba kuuza misumari na kuongea na wateja. Kutwa nzima! Na watu!

Alhamisi, 6 Machi
Meya amenusa sungura, akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akaenda zake kulala. Binamu yangu tunayekaa naye, yule tunayemwita Redio, alicheka hadi akashika ukuta. Akasema hata mbwa ana haki ya kukata rufaa. Jibu kali ninalo. Nimelipata sasa hivi, nikiwa peke yangu chooni.

Ijumaa, 7 Machi
Akili imefunguka! Nimemwagia kijiko cha mchuzi wa kuku juu. Nyama hakuna, hata unyuzi. Ni harufu tu, na harufu hailiwi. Meya amelamba bakuli hadi likafika mlangoni. Mimi ni mpishi!

Jumatano, 19 Machi
Meya anajikuna kuliko mwanzo. Sikio limekuwa jekundu. Kuna mtu anamlisha kwa siri, na ni Redio, nani mwingine? Nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni nimkamate. Nimekamatwa mimi. Mama yangu ameuliza nimeanza lini wazimu. Nimemwongezea Meya mchuzi, maskini, apate faraja.

Jumamosi, 22 Machi
Aibu! Daktari amekuja kumwona Meya. Nikamnong'oneza habari za Redio, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Redio akaruka: "Haki ya Mungu, daktari, hata mfupa sijampa! Huyo si anang'ata?" Daktari akainamia bakuli, akanusa. "Binti, sungura gani huyu ananukia kuku?" Nikasema ni harufu tu, ya mchuzi. Akasema mchuzi huo ni kuku yuleyule, ila hana mifupa. Mama mwenye nyumba akamkumbatia Meya kama mjane. Jioni mjomba akafika na aproni ya duka, tayari imeshonwa jina langu. Nikalia mbele ya kila mtu. Daktari amenihurumia: tuanze upya, lakini nikikosea tena, misumari.

Jumapili, 23 Machi
Nimemwomba Redio msamaha kwa barua, nikaipenyeza chini ya mlango wake. Ameisoma kwa sauti. Nyumba nzima imeisikia, na majirani wa upande mmoja.

Jumatatu, 24 Machi
Funzo nimelipata, na limeniingia. Kuku sitamgusa tena, wala mchuzi wake, wala sufuria aliyopikiwa. Meya amegoma kula, lakini mimi si yule mjinga wa juzi. Nimemyeyushia siagi kidogo juu ya viazi. Ni kweli daktari amekataza maziwa. Ila hii nimeichunguza kwanza: niligeuza kopo lake juu chini na halikumwaga hata tone. Maziwa yapo wapi hapo? Meya amemaliza bakuli lote. Aproni nimemrudishia mjomba.