Deki Mpya na Ngoma ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Novemba
Korosho zimelipwa! Nimeshuka Masasi, nimerudi Newala na deki ya Blu-ray. Khalfan, mwenye duka la vyombo vya umeme, kaapa kwamba huku juu hakuna mwenye nayo. Nikamharakisha afunge boksi kabla mwingine hajaiona.

Mimi ni mtu wa kuwahi. Kaseti niliziacha wenzangu wakiwa ndiyo kwanza wanazinunua. CD niliwahi, DVD niliwahi. Kila nikishawahi, wenye viwanda wanabadilisha. Nahisi kuna mtu huko kazi yake ni kuuliza mimi nimenunua nini. Safari hii wamefika mwisho. Khalfan kasema.

Deki ya zamani nimemuuzia Fakihi, kinyozi, jirani yangu. Kaibeba kama mtoto mchanga. Maskini! Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kama naumwa.

Jumanne, 8 Novemba
Deki imekuja na CD yake moja. Samaki. Wa njano, wa buluu, wanaogelea tu, hakuna anayesema neno. Lakini picha! Majirani wamejaa sebuleni. Silvesta fundi baiskeli kauliza mara mbili kama wanaliwa. Fakihi kauliza baada ya samaki kuna nini. Wivu mtupu.

Alhamisi, 10 Novemba
Samaki tena. Kaja Silvesta peke yake, akasinzia.

Mama Faidha, mke wangu, kaniita pembeni. Jumapili ni hitima ya marehemu mama yake. Mama yake mdogo anakuja kutoka Mkunya. Siku binti yetu Faidha alipotolewa unyagoni, huyu mama mdogo alikuwa amelazwa. Hakumwona dada yake, yaani mama mkwe wangu, akicheza, na ile ndiyo ilikuwa ngoma ya mwisho ya marehemu. Anatamani aione. CD ya siku ile tunayo. Nimesema wasihofu, ataiona kwa deki ya kisasa.

Ijumaa, 11 Novemba
Deki imeitema CD ya mama mkwe. Nimeifuta kwa kanga. Imeitema. Nimeipaka mafuta ya nazi. Imeitema ikiwa inanukia.

Nimempigia Khalfan. Kasema deki za namna hii hazisomi CD za zamani hivyo. Kasema kwa fahari kabisa! Nikauliza mbona hakuniambia. Kasema nilikuwa namharakisha afunge boksi.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kakaa na CD mapajani, kasema sura ya mama yake imeanza kumpotea. Jamani! Nimejisikia vibaya mno. Ugali umenishinda, nimekula wa kwangu tu.

Jumamosi, 12 Novemba
Nimebuni mbinu ya kuichukua deki kwa Fakihi bila yeye kujua kwamba nimekwama. Nimemwendea kunyoa, ingawa nina kipara. Nikamwambia mimi ni muuzaji mwaminifu, nataka niikague deki nyumbani hadi Jumatatu. Kaninyoa hewa, kisha kauliza kama samaki wameikataa ngoma. Kumbe mke wangu kamsimulia mkewe bombani tangu asubuhi!

Kakubali. Masharti: aje nayo mwenyewe, akalie kiti changu, ashike rimoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Jumapili, 13 Novemba
Hitima imesomwa, pilau imeliwa. Shehe alipoondoka tu, Fakihi akabonyeza. Mama mkwe huyo! Alikuwa nyakanga, mkuu wa unyago, na kiuno chake hakikujua habari za uzee. Mama mdogo kasimama, kamwita dada yake kwa jina, kaanza kumfuatisha hatua mbele ya tivii, analia na kucheka. Mke wangu kaungana naye. Vigelegele! Mimi nimelia pia, nikasingizia moshi wa pilau.

Mama mdogo anabaki wiki nzima. Mke wangu kaomba kitu kimoja: Jumamosi waione tena hapahapa nyumbani, bila Fakihi na rimoti yake. Nimeahidi.

Jumamosi, 19 Novemba
Nimetimiza! Khalfan kaichukua deki ya samaki, kanipa nyingine kiboko. Inasoma CD za zamani, DVD, Blu-ray, flashi, kila kitu. Ina kasoro ndogo: haiingiliani na tivii ya kichogo, inataka tivii bapa. Na alitaka nyongeza, nami pesa ya korosho imekwisha. Kwa hiyo tivii nimemuuzia Fakihi.

Mke wangu kaitazama deki, kautazama ukuta, kacheka hadi kakaa chini. Kisha yeye na mama mdogo wakabeba viti vyao na CD wakaenda kwa Fakihi. Kaniambia niwafuate, hata changu wamekibeba. Vigelegele vinafika hadi hapa. Nimefurahi sana.

Naenda sasa hivi. Nilikuwa namalizia kuongea na Khalfan kwenye simu. Kasema tivii bapa nazo zinaelekea kupitwa, zinakuja zilizopinda. Nimemwambia bapa asinitajie tena. Aniwekee iliyopinda.