Leso Nyeupe na Matofali ya Bi Asia

Alhamisi, 7 Agosti 1975

Nakwenda Dar es Salaam! Bado sijachaguliwa, lakini hilo ni jambo dogo.

Kamati ya maendeleo imetangaza maonyesho ya sanaa Jumamosi na Jumapili hapa mjini, kuchangia ujenzi wa wodi ya wazazi. Jumamosi ngoma, Jumapili ngonjera na vichekesho. Kiingilio ni tofali moja la kuchoma kwa kila mtu. Asiye na tofali abaki nyumbani. Kundi litakaloshangiliwa kuliko yote Jumapili ndilo litakalotuwakilisha Dar kwenye sherehe za Uhuru mwezi wa kumi na mbili.

Ngonjera ninayo. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Akina mama wanne ni Uvivu, mimi ni Jembe. Beti nyingi ni za Jembe.

Tatizo ni moja tu: Mosi, fundi cherehani wa kule sokoni. Ana kichekesho cha mlevi anayebishana na mbuzi. Hakina funzo lolote kwa taifa. Watu wanakicheka mpaka wanashika mbavu. Tena ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru. Kila tukikutana ananiita mtumwa wa babu yake, na ananichukulia chochote nilichoshika. Juzi alininyang'anya muwa, akautafuna mbele yangu hadi pingili ya mwisho. Nikacheka. Ukimnunia mtani, mji mzima unakuona hujalelewa.

Nimefikiri sana baada ya chai. Ushindi ni makofi. Makofi yanatoka mikononi. Mikono ninayo, imejaa tele kijijini kwetu Matombo, kule milimani. Nimempa ujumbe dereva wa lori la ndizi: shangazi Cecilia ateremke na ukoo mzima, wazima na wagonjwa.

Ijumaa, 8 Agosti 1975

Usingizi sikuupata kwa furaha. Asubuhi nimekumbuka kwamba ukoo mzima utahitaji matofali.

Hakuna anayeteremka Uluguru na tofali kichwani. Nimezunguka mji mzima kutafuta. Kila mtu anatafuta. Nimemkuta karani mmoja anang'oa ukingo wa bustani yake ya maua.

Kisha nikarudi nyumbani, na kumbe jibu lilikuwa pale uani siku zote. Bi Asia, mwenye nyumba wangu, ana matofali ya kujengea choo. Mazuri, mekundu. Aliyaanika mahali wanapopita kuku wake, kwa hiyo mengi yana alama za miguu ya kuku. Bi Asia mwenyewe yuko Kilosa kwa wajukuu mpaka Jumapili jioni. Nimeyaazima. Neno ni hilo, kuazima, ingawa mwenyewe hajaambiwa.

Jioni nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Jembe halina budi kuonekana la heshima. Nimeazima pia kaunda suti ya mwalimu mkuu. Inanibana makwapani, hivyo mikono siwezi kuinyanyua sana. Ila leso naweza kuinua.

Hapo ndipo nilipopata wazo la leso! Lisubiri kesho.

Jumamosi, 9 Agosti 1975

Wamefika! Lori zima. Shangazi Cecilia mbele, na mikungu ya ndizi, tangawizi, jogoo, wajomba, binamu, na dada yangu Paskalia mwenye mimba changa. Nimesema shikamoo mpaka ulimi umekauka. Chumba changu kimejaa, nitalala jikoni.

Nimewapanga uani na kuwaeleza. Wao hawajui ngonjera, wanaweza kushangilia mahali pa kunyamaza. Kwa hiyo wasisikilize maneno, waangalie leso nyeupe. Leso ikipanda, makofi na vigelegele. Leso ikishuka, kimya. Shangazi aliuliza kama wanaruhusiwa kushangilia kundi lingine wakilifurahia. Nikasema hapana, wasihangaike na kufurahi, waangalie leso tu.

Tumejaribu. Ilipopanda, mlio ulitoka hapo, jirani akaja mbio akidhani tunaoza binti.

Saa nane tukaenda uwanjani kuzoea mazingira. Kila mmoja na tofali lake la miguu ya kuku. Mlangoni alikuwepo Bernadeta, mkunga, ndiye katibu wa maonyesho. Alifurahi mno kuona ukoo mzima. Alisema wangekuwepo watu wengi wenye moyo kama wangu, wodi ingekwisha mapema. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ngoma zilikuwa tamu sana. Vumbi mpaka angani, njuga, shangazi Cecilia akicheza bila ruhusa yangu. Nilisisimka, nikasahau hata Dar.

Baadaye kidogo pakatokea kasoro. Bernadeta alipanda jukwaani kueleza kwa nini tunajenga. Akasema wazazi wanalala wawili kitanda kimoja, na wengine mkekani, sakafuni. Uwanja ukawa kimya. Paskalia alishika tumbo lake. Hata mimi nilisikia uchungu, na suti ile ina joto, jasho likaniingia machoni. Nikatoa leso.

Matombo yote ikalipuka kwa vigelegele.

Bernadeta alitutazama kwa muda mrefu. Mosi, aliyekaa safu ya mbele, alinitazama mimi, akaitazama leso, akawatazama shangazi na wenzake, akatabasamu polepole. Bila shaka ameanza kuniogopa.

Jumapili, 10 Agosti 1975

Naandika kwa taabu. Suti imechanika kwapani.

Uwanja ulijaa pomoni. Niliitwa kabla ya Mosi. Nikapanda, nikasimama kama Jembe, leso mfukoni ikichungulia. Ukoo wangu kushoto, macho yote kwenye mfuko wangu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikaitoa leso tayari kuinua.

Mosi akaruka jukwaani. Akawauliza watu tangu lini mtumwa wa babu yake anamiliki leso nyeupe namna ile. Uwanja ukaangua kicheko. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaifunga shingoni, akashuka zake.

Ningefanya nini? Mtani! Watu wote wanaangalia! Nilicheka. Nilicheka kwa meno yote, na moyoni nilitamani kumkaba.

Nikaendelea bila leso. Nilitoa beti zangu zote, hata ule ubeti wa ukame, ambao ukisomwa huwa nautolea machozi mwenyewe. Nikamaliza. Nikawageukia watu wangu. Wametulia kimya, mikono mapajani, watiifu. Nikainua kiganja kitupu. Hakuna kitu. Nikainua mikono yote miwili, na hapo ndipo kwapa lilipochanika. Akina mama wa Uvivu walipigiwa makofi kidogo na waume zao.

Akaja Mosi na mbuzi wake. Kila alipomaliza sentensi alijifuta jasho kwa leso yangu. Matombo ikalipuka! Vigelegele, miguu, hata jogoo waliyekuja naye akawika. Wengine wakaambukizwa, uwanja mzima ukasimama. Alijifuta hata akiwa hana jasho. Alimfuta na mbuzi.

Mosi anakwenda Dar.

Nilimfuata shangazi, nikamuuliza amenifanyia nini mimi mtoto wa kaka yake. Akashangaa. Akasema niliwaagiza waangalie leso, wasisikilize maneno. Sikuwaambia iwe mkononi mwa nani. Kisha akaongeza kwamba yule Mnyamwezi na mbuzi wake walimfurahisha sana, ila alijizuia kucheka kama nilivyoagiza.

Yakazidi. Bi Asia ameshuka kwenye treni akapitia uwanjani kuangalia. Mbele ya rundo la mchango amesimama kama aliyekutana na ndugu. Amemwambia Bernadeta kwamba anazijua nyayo za kuku wake.

Jumatatu, 11 Agosti 1975

Bi Asia ameamua matofali yake yabaki kwenye wodi. Amesema wazazi wanayahitaji kuliko choo chake. Bernadeta amemkumbatia. Mimi nimeamriwa kufyatua mengine, yote, kwa mikono yangu. Tangu alfajiri nakanyaga udongo. Mosi amepita, ameniletea muwa mzima wa pole, halafu amekumbuka utani wetu, akaondoka nao.

Ukoo bado upo, lori linaondoka kesho. Paskalia amekaa kivulini ananihesabia makosa. Anasema angalau mtoto wake atazaliwa kitandani, na tofali nililompa litakuwepo ukutani. Niliendelea kukanyaga udongo, lakini nilifurahi, sana tu.

Mchana Bernadeta ameleta habari. Mwezi wa kumi na moja kuna maonyesho mengine, ya kuezekea. Kiingilio ni msumari. Na kundi la pili litaongezwa kwenda Dar!

Nimetupa udongo, nimewaita wote uani. Kosa langu nimeliona: leso ni kitu, na kitu kinachukulika. Safari hii ishara itakuwa chafya. Mtani gani anaweza kumnyang'anya mtu chafya yake? Nikipiga chafya, makofi na vigelegele. Shangazi ameuliza chafya ya nani. Nimemwambia asianze.

Sasa hivi Bi Asia amepita karibu na vumbi la udongo wangu, akapiga chafya. Uani kote vigelegele, jirani kaja mbio tena.

Inafanya kazi vizuri kabisa. Kesho natafuta misumari. Nimeona mingi kwenye mlango wa Bi Asia.