Muhuri wa Kornelia na Jani la Sale

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Ukuta wa kuzuia udongo, Old Moshi, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha Mzee Aikaeli, chini ya nyumba, juu ya banda la ng'ombe. Tatizo dogo: halmashauri wanataka michoro yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Mimi sijasajiliwa. Natakiwa nifanye kazi chini ya msimamizi, niandike ripoti, nihojiwe. Ripoti ninayo. Imefika utangulizi. Shedrack, tuliyemaliza naye chuo, ana leseni, na tangu aipate ameandika Mhandisi hata kwenye kadi za ubatizo wa mwanawe. Kazi hii haipati ng'o.

Nikapita ofisini kwa Kornelia, msimamizi wangu. Wahandisi wengine wote waliponiambia nirudi mwezi ujao, yeye peke yake alinipokea. Nikampa michoro. Akasema hagongi muhuri kabla hajapanda mwenyewe kuona udongo, labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Akaenda kuchemsha chai. Muhuri ulikuwa mezani. Nikagonga mara mbili, maana mara ya kwanza ulipinda. Saini yake naijua. Chai ilikuwa ya tangawizi. Nilijisikia vibaya, nikaomba kikombe cha pili.

Jumamosi, 29 Machi
Ukuta umesimama! Mzee Aikaeli kaniita Injinia mbele ya majirani, nami sikumsahihisha. Mzee hasahihishwi. Akauliza maji yatapita wapi. Nikasema yamezingatiwa. Ndivyo wahandisi tunavyosema. Chini ya msingi tulikuta mtaro mkavu, tukaufukia. Wa zamani tu.

Kornelia kapiga simu kuuliza ile kazi ya Old Moshi. Nikamwambia mteja kaahirisha.

Jumanne, 8 Aprili
Haukuwa wa zamani. Ni mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia! Ulikuwa mkavu kwa sababu huko juu walifunga maji watengeneze banio la kuyagawa. Jana wakafungulia, na zamu ya kwanza ikawa ya Mzee Aikaeli mwenyewe. Mvua ya masika ikaongezea. Maji yakakosa njia, yakasukuma. Mchagga mzima mimi, bibi alikuwa akinibeba mgongoni kwenda kufungulia maji ya mfongo, leo nimeufukia kama shimo la taka.

Ukuta umelala juu ya banda. Ng'ombe amekufa, yule mwekundu mwenye mimba. Mzee hakunifokea. Alikaa juu ya ndoo ya maziwa, akaniuliza kama si mimi niliyesema ukuta ule utadumu kuliko yeye. Nikasema ni mimi. Nimeumia sana.

Halmashauri wametoa michoro kwenye faili. Muhuri ni wa Kornelia. Ameitwa mbele ya kamati ya maadili. Anaweza kupoteza leseni yake. Mimi siwezi, sina.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili
Nina mpango! Huku kwetu, ukimwendea mtu na jani la sale kuomba msamaha, hawezi kukataa. Akikataa ni mkosi kwake na kwa ukoo wake. Na mbele ya watu, ndiyo kabisa. Nikakata sale nyuma ya nyumba ya bibi, nikamsubiri Kornelia mlangoni mwa kanisa. Kila mtu alishika tawi, hakuna aliyenishangaa mpaka nilipopiga magoti. Kina mama wa jumuiya wakaacha kuimba.

Kornelia akalipokea. Akasema amenisamehe, na aliyepokea sale hawezi tena kumshitaki aliyelileta, kwa hiyo yeye hatanitaja popote. Ila akaniomba niende kwenye kamati niseme mwenyewe. Nikamuuliza, dada, si yameshaisha? Akasema kwake yameisha, lakini kamati haijui sale.

Alhamisi, 24 Aprili
Niliapa moyoni nitasema yote. Nikaazima suti ya kaka. Wakaniuliza nani aligonga muhuri. Nikasema uligongwa ofisini. Wakarudia swali. Nikageuka, nikamwona Shedrack kiti cha nyuma, ndiye waliyemtuma kuukagua ukuta, amekunja mikono. Sikuweza! Nikasema siku hiyo kulikuwa na watu, na chai. Kisha nikatoa jani lingine la sale nikaliweka mezani. Mwenyekiti si mtu wa huku. Akashukuru, akalitia kwenye glasi ya maji.

Ikawa zamu ya Kornelia. Akasema muhuri ni wake, alipaswa kuufungia, atajibu yeye. Hakunitaja. Laiti angenitaja! Leseni yake imesimamishwa.

Jumamosi, 3 Mei
Nimepita kwa Kornelia. Kibao cha ofisi kimeshushwa, yeye anafunga vitu kwenye maboksi. Akanichemshia chai. Sikuweza kuimaliza. Akaniuliza ripoti yangu imefika wapi, na sasa nani atanisimamia. Niliondoka, nikaenda kulia nyuma ya duka la vipuri, kilio cha kweli, mwenye duka kanipa kiti. Nitawaandikia kamati ukweli wote. Nitaandika tu.

Wiki hii siwezi, nina shughuli. Mtu wa Sanya Juu anataka kujenga mnara wa tangi la maji, kaniuliza kama nina muhuri. Nimemwambia anipe siku mbili. Shedrack ana kawaida ya kuacha mkoba wake kwenye gari, na kesho kanialika ubatizo.

Jioni nimepanda masale, mstari mzima kando ya uzio. Kwa mvua hizi yatashika upesi.