Mluzi wa Njia ya Mfereji

Jumatatu, 20 Aprili
Nimemsikia tena. Njia ya mfereji, upande wa mashamba ya mpunga. Mluzi mrefu unaopanda, kisha miwili mifupi inayoshuka. Hayumo kwenye kitabu changu cha ndege. Ni adimu, nina hakika. Sijamwambia mtu. Sina wa kumwambia pia. Tangu tumalize kidato cha nne rafiki yangu Joyness kahamia Iringa, na ujumbe wangu anaujibu kwa kidole gumba.

Jumatano, 22 Aprili
Nimeuiga mluzi wake. Akajibu! Nikapiga tena, akajibu tena. Mazungumzo yangu marefu kuliko yote wiki hii. Mpango: Kaka Crispin wa Chimala ana kikundi cha vijana wanaotazama ndege. Nikimpa ndege adimu, hawezi kuniacha nje. Nitakuwa na watu wa kutembea nao. Nimemtumia rekodi. Kumpigia simu nilishindwa.

Ijumaa, 24 Aprili
Crispin kasema hajawahi kusikia sauti kama hiyo. Kesho anakuja na kikundi chote. Nimefua gauni. Nimefanya mazoezi ya kusema karibuni, mbele ya kuku.

Jumamosi, 25 Aprili
Wote tumechuchumaa matopeni, darubini machoni. Nikapiga mluzi. Akajibu, karibu kabisa. Mpunga ukatikisika. Akatoka Tumpe, jirani wa nyuma ya mashine ya kukoboa, kombeo mkononi. Anafukuza kwelea wanaokula mpunga shambani kwao. Akauliza kumbe ni wewe, dada? Yeye wiki nzima anamsimulia bibi yake habari za ndege mgeni anayemjibu. Crispin alicheka mpaka darubini ikatumbukia mferejini. Akaniambia pole, mtaalamu. Wakaondoka.
Tumpe akabaki. Akasema anashinda peke yake kwenye kibanda cha kulindia mpunga tangu alfajiri, hata wa kumtania hana. Niende kesho, ana mihogo ya kuchoma. Nikamwambia nitaangalia.

Jumatatu, 27 Aprili
Sikwenda. Nina kazi. Tumpe kapiga mluzi asubuhi nzima, ananiita, kaharibu rekodi zangu zote. Nimehamia mfereji wa chini. Kimya, hakuna mtu. Huko nimesikia kitu kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena. Huyu ndiye adimu kweli. Nikimpata, sitatembea peke yangu tena.